Madagaska Ilivyomzika Kaka Yangu

Tulimzika kaka yangu bila mwili. Ndani ya jeneza kulikuwa na kipande cha mgomba chenye urefu wake, kimevikwa suti yake ya kanisani. Aliyetoa ushahidi kwamba amekufa ni mimi.

Alikuwa mchonga mawe. Aliondoka kijijini kwetu Nyamarambe kwenda Madagaska kutafuta mawe ya thamani, akapiga simu mara mbili, kisha kimya cha miaka sita. Aliacha mke asiye na mtoto, na shamba lililopakana na la baba yetu mdogo. Kwetu shamba la mtu asiyejulikana aliko haliguswi. La marehemu aliyekufa bila mtoto hugawanywa kabla udongo wa kaburi haujakauka.

Jumapili moja baba mdogo aliitisha kikao cha ukoo. Akaniagiza nije na ramani, kwa kuwa nafundisha jiografia.

"Mwalimu, tueleze huko mahali. Mtu hurudi?"

Ningesema sijui. Badala yake nilifundisha. Nikaonyesha kisiwa, kirefu kuliko Kenya. Nikaeleza pwani ya mashariki, ambako vimbunga hutoka baharini na kubomoa vijiji. Nyanda za juu, zenye udongo mwekundu, ng'ombe, na mpunga uliopandwa ngazi kwa ngazi. Kusini, ukame na vichaka vya miiba. Nikaongeza kwamba wachimba mawe huingia kwenye mashimo yasiyo na nguzo. Wote walisogea karibu na ramani, nami nikafurahi. Hata darasani sisikilizwi hivyo.

"Milima, udongo mwekundu, ng'ombe," shangazi akasema. "Si ni kama hapa tu? Alifuata nini?"

"Alifuata shimo," baba mdogo akajibu, watu wakacheka. "Mwalimu amesema mwenyewe. Kimbunga, ukame, mashimo. Nani atapona yote matatu?"

"Baba, kimbunga kiko mashariki. Ukame uko kusini. Si mahali pamoja."

"Ni kisiwa kimoja au viwili?"

"Kimoja."

"Basi kaa chini."

Siku ya mazishi shemeji alikataa kutupa udongo. "Sijaona maiti," alisema. Wanawake wawili walimshika mkono, wakaujaza udongo, wakamkunjua vidole juu ya kaburi. Mimi nilikuwa hatua mbili tu kutoka pale.

Wiki iliyofuata mpaka ulihamishwa. Nilipewa mistari mitatu ya migomba, nikaichukua. Shemeji alihamia chumba cha kupanga Kiogoro.

Mwezi uliopita alinijia shuleni na simu yake. Namba ya Madagaska ilikuwa imempigia mara nne. Tukapiga. Mwanamume akapokea, akasema maneno machache kwa lugha tusiyoijua. Shemeji alipotaja jina la kaka, yule mtu alinyamaza, lakini hakukata. Tulimsikia akipumua, na karibu naye mtoto mchanga akilia, mpaka salio likaisha.

Shemeji anasema ni sauti ya mumewe. Mimi sikuitambua. Tumejaribu kila siku tangu hapo, na namba hiyo haipatikani.