Mkono wa Jeli, Mkono wa Unga

Bi Tupa alikuwa fundi wa kucha, na jina hilo alipewa kwa sababu tupa yake ya kusawazishia kucha za watu haikumtoka mkononi hata akiwa mezani anakula. Pale saluni meza yake ilikaa dirishani. Mpita njia akimwona, hana budi kujitazama vidole. Meza hiyo ndiyo iliyokuwa heshima yake yote duniani.

Basi mwenye saluni akaja na maneno yake. "Dada, kupaka rangi tu siku hizi hata watoto wanapakana. Watu wanataka kucha za kurefushwa. Jumatatu, dirishani atakaa anayezijua. Asiyezijua atakunja taulo kule nyuma."

"Taulo nikunje mimi?"

"Kwani taulo zimekukosea nini?"

Walimu walikuwa wawili. Mmoja alifundisha kucha za jeli, zinazokaushwa kwa taa. Mwingine alifundisha za unga, unaochanganywa na dawa ukawa mgumu kama jiwe. Mafunzo yote yalikuwa Jumamosi, asubuhi hadi jioni, saa zilezile, upande huu na ule wa barabara, maana walimu wenyewe walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Bi Tupa hakuwa mtu wa kuchagua kitu kwa kusikia. Akamwambia wa jeli ampachike mkono wa kulia, wa unga wa kushoto, akaenda nazo nyumbani. Za kwanza kuvunjika, hizo hatajifunza.

Mumewe akachukua upande wa jeli. Mama mkwe akachukua wa unga, kwa kuwa mwanawe kachukua jeli.

Siku ya kwanza Bi Tupa alifua, akasugua masufuria. Mumewe akanuna. "Huu si uungwana. Mkono wa kulia ndio unaofanya kazi, wa kushoto unashikilia tu. Jeli inaonewa."

"Hapo umesema kweli," alisema mama mkwe, "sijui umeitoa wapi."

Ikawa zamu. Leo mkono huu, kesho ule, na ulio mapumzikoni unafungwa kitambaa, fundo analikaza mama mkwe mwenyewe. Bi Tupa akamenya viazi kwa mkono mmoja, kiazi amekibana magotini. Zamu ya unga ikifika, mume analeta makopo yenye vifuniko vilivyoganda. Zamu ya jeli, masufuria yaliyoungua yanajitokeza jikoni na hakuna aliyepika.

"Mama, unachoma sufuria makusudi."

"Na wewe kifuniko umekigongea nyundo. Nimekuona."

Ijumaa jioni vidole vikakaguliwa. Hakuna ukucha uliovunjika, hata ufa. Kilichovunjika ni mpini wa sufuria.

Bi Tupa akajibwaga kitini. "Sasa nachaguaje? Mafunzo ni kesho."

"Nenda jeli," alisema mumewe.

"Aende," alisema mama mkwe, "lakini unga hatuuachi yatima. Kwenye unga nakwenda mimi. Nikirudi nitamfundisha."

"Mama, na macho hayo?"

"Macho haya ndiyo yaliyoiona nyundo."

Wakaenda. Jioni Bi Tupa alirudi ameiva kwa jeli. Mama mkwe alirudi na kopo la unga kwapani.

"Haya mama, nifundishe."

"Nikufundishe jikoni? Ufundi nimeukalia kutwa nzima mpaka mgongo umekufa ganzi. Nenda kautafute wako."

Jumatatu Bi Tupa aliwahi saluni, akaikuta meza ina mtu. Mama mkwe, viatu kavua, anafuta brashi yake.

Mwenye saluni akainua mabega. "Nilisema atakaa anayezijua. Huyu kanipachika ukucha mmoja, sijapata kuuona mfano wake. Na wewe je?"

"Mimi nazijua za jeli."

"Basi sogezeni viti."

Mteja wa kwanza aliketi mbele yao, kila mmoja wao akamkamata mkono mmoja. Kwa sauti ndogo mteja akauliza kama anaweza kupata aina moja mikono yote miwili.

"Tulia, mwanangu," alisema mama mkwe. "Hapa hakuna kuchagua."

Bi Tupa hakumpinga. Aliivuta meza kidogo upande wake, karibu na kioo cha dirisha. Mama mkwe akairudisha.