Gari la Nyuma

Leo nina magari saba ya punda, na hapa Bagamoyo hakuna mwenye zaidi. Sikusoma ila juzuu mbili, lakini mimi ndiye niliyeanza kufunga gari nyuma ya gari, yakavutwa yote mawili kwa safari moja. Hata wenye majumba ya mawe walitoka kutazama. Na watu wangu nimewapa amri: wakikuta njiani gari linalokwenda polepole, wakae nyuma wangoje, wasipige kelele. Wananicheka, eti bwana amekuwa mwoga. Waache wacheke.

Mwaka ule nilipoanza hayo, mama alikuwa mgonjwa huko kwetu Mapinga, amebaki mifupa. Alitaka jambo moja tu: afike Dunda, hapa mjini, kwa mdogo wake, waombane radhi kabla hajafa. Walikuwa hawasemezani tangu matanga ya bibi. Nikamwambia usihofu, una mwana mwenye magari. Gari la mbele nikapakia makanda ya mbata, nazi kavu za kuuza, kwa kuwa zilikuwa zikingojwa forodhani. La nyuma nikamtandikia godoro la sufi, nikaliunga na la mbele kwa kamba nene, tukaondoka alfajiri. Nikajiona nimefanya jambo kubwa.

Lakini gari la nyuma lina tabia yake. Punda wakiongeza mwendo, linayumba huku na huku. Nikisikia mama anaguna, napunguza. Na mchanga mzito. Njia yetu ilipokutana na ile ya bara, tukatangulia mbele ya msafara wa wapagazi wenye pembe za ndovu mabegani, watu waliotembea miezi na mji sasa uko karibu. Pande zote miiba, hakuna pa kuwapisha. Nilingoja matusi. Mmoja alisema tu kwamba punda wangu wanahesabu mchanga, wenzake wakacheka, kisha wakanyamazisha ngoma kwa ajili ya mgonjwa, wakatufuata hatua kwa hatua.

Tulipofika penye uwazi, kiongozi wao akaja kunisalimu kwa adabu. Akasema wana machela, na watu wanne wasio na mzigo. Wangemfikisha mama Dunda adhuhuri.

Mama akainua kichwa. "Mwanangu, niache niende nao."

Na watu wote wale wananitazama! Nikajibu kwa sauti, ili hata wa mwisho asikie, "Mama yangu habebwi na wapagazi. Mama yangu ana gari."

Kiongozi hakubishana. "Haya, bwana," akasema, wakapita. Ngoma hawakuipiga mpaka walipokuwa mbali.

Baada ya hapo mama hakuguna tena. Mimi nikafurahi, nikadhani gari limetulia, nikawachapa punda. Kwenye kisima cha mwisho nilimpelekea maji, yakamwagika shavuni, na shavu lilikuwa baridi.

Tuliingia Dunda alasiri. Mama mdogo alikuwa amepelekewa habari, ametandika mkeka mpya barazani. Aliona uso wangu. Akapanda garini, akamshika dada yake mkono, akamnong'oneza sikioni maneno marefu, si ya kusikia mimi. Kisha akasema, bila kunigeukia:

"Wapagazi wamepita hapa tangu adhuhuri. Wakaniambia mnakuja."

Nikamjibu kwamba njia ilikuwa nzito.

Hapo ndipo akainua macho, akayatazama makanda ya mbata kwenye gari la mbele, moja moja, mpaka la mwisho.