Vumbi la Idodi juu ya Pijo ya Bluu

Jumamosi tarehe 15 Juni 2024, Alinanuswe Mwaisumo aliingia mjini Iringa akiwa amepakata Peugeot 404.

Gari hilo lina urefu wa sentimita arobaini na nne, sehemu moja ya kumi ya gari halisi. Bodi ni bati la madebe ya mafuta ya kula, vioo vimekatwa kwenye chupa za maji, na matairi yamechongwa kwenye tairi la pikipiki lililokwisha. Milango yote minne inafunguka. Ukizungusha usukani, magurudumu ya mbele yanakata kona.

Mwaisumo ana miaka sitini na mmoja. Kwa miaka thelathini na minane alipiga rangi magari Mwanjelwa, jijini Mbeya. Mwaka 2021 alimwachia karakana binti yake, Ikupa, akahamishia vifaa vidogo kwenye chumba cha uani nyumbani kwake Ilomba. Tangu hapo ametengeneza magari tisa ya zamani, kila moja likiwa nakala ya gari la mtu fulani. Ana kanuni moja. Gari linawekwa mbele ya mtu aliyelijua lile la kweli, na haruhusiwi kudokezwa chochote. Asipolitambua, halikabidhiwi, linarudi Ilomba. Mawili yamesharudi.

"Ikupa anasema nina kiburi," anasema. "Mimi sitaki tu mtu aniambie asante kwa adabu."

Hili la kumi liliagizwa na Evarista Kalinga, mwalimu wa sekondari, kwa ajili ya mama yake, Sabina, aliyekuwa anatimiza miaka themanini na minne. Mume wa Sabina, marehemu Yohane, alikuwa na Pijo ya mwaka 1968, akaifanya teksi kati ya Iringa mjini na Idodi hadi injini ilipokataa kabisa. Familia ilibakiwa na picha moja isiyo ya rangi, na kadi ya gari. Kadi ilisema bluu.

Bluu hiyo ilimchukua wiki tatu. Alichanganya, akapaka vipande vya bati, akavianika juani, akavitupa. Siku ya kupuliza alifanya alivyofanya maisha yake yote ya kazi: alimwaga maji sakafuni, akatundika gunia bichi mlangoni, akavua sweta lisidondoshe nyuzi. Kwa mpiga rangi hakuna adui kama vumbi. Punje moja ikitua kwenye rangi mbichi, unarudi kwenye msasa. Alipuliza mikono minne ya rangi, mmoja juu ya mwingine, mpaka bodi ikawa kioo. Katika picha gari lilionekana limefifia, halina mng'ao wowote. Alidhani ni uzee wa karatasi.

Nyumbani kwa Sabina, Kihesa, gari liliwekwa mezani sebuleni saa tisa alasiri. Sabina alivaa miwani.

"Kamwene, Pijo," alilisalimia kwa Kihehe. Kisha akamgeukia mgeni. "Nzuri, fundi. Ya bwana shauri gani hii, mkubwa gani wa bomani?"

Evarista alianza, "Mama, itazame vizu—"

"Mwalimu, usimpe majibu," Mwaisumo alimkatiza.

Sabina aliwatazama wote wawili. "Kumbe ni mtihani. Mnataka niseme ni ya Yohane. Ya Yohane ilikuwa nyekundu."

"Kadi inasema bluu, mama," Evarista alisema.

"Kadi ilikaa kabatini. Mimi nilikaa ndani ya gari."

Mwaisumo hakubishana. Alivuta boksi alilobebea gari, akaanza kutandika magazeti ndani. Kazi ya miezi mitano ilikuwa inarudi Ilomba. Evarista alimsihi aliache, mama atalizoea, lakini fundi alikataa. Ila kabla hajalinyanyua aliuliza swali la kifundi: nyekundu ya namna gani, ya nyanya au ya tofali?

Sabina alinyoosha kidole dirishani. "Kama hapo ulipokanyaga ukiingia."

Mwaisumo aliutazama udongo mwekundu wa uani, kisha akaitazama ile picha iliyofifia. Aliliweka boksi chini.

"Lilikuwa halioshwi?"

"Maji tulikuwa tunachota bondeni, kwa kichwa. Nikamwambia Yohane, nichote mimi, ioge Pijo? Akitaka ioge, ndoo ile pale."

"Akachota?"

"Akafuta kioo na namba."

Evarista alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Kwenu ni wapi, fundi?" Sabina aliuliza.

"Tukuyu, mama."

"Ndiyo maana. Ninyi mvua inawaoshea bure. Vumbi utalijulia wapi?" Aliinama, akagusa juu ya mlango wa dereva kwa kidole kidogo. "Hapa tu ndipo palipokuwa bluu. Alikuwa anaegemeza kiwiko."

Mwaisumo aliomba chujio la chai. Alichekecha udongo wa uani mara mbili, mara ya pili kwa kitambaa, akauchanganya na thina na tone la vanishi alilobeba kwa ajili ya kuziba mikwaruzo. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kazi, alipaka vumbi juu ya rangi yake mwenyewe: nzito nyuma ya magurudumu, nyepesi juu ya paa. Mkono wa kwanza aliupaka kwa kusita. Wa pili aliupaka huku anaimba. Kioo na namba aliviacha safi.

Mlango wa dereva alimwachia Sabina. Alilowesha kidole, akasugua mara tatu, na bluu ikatokea, kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi.

"Ya Yohane," alisema. "Sasa mtu asije akaiosha."

Mwaisumo alirudi Mbeya na boksi tupu. Mwezi ujao anaanza Land Rover ya mchimba dhahabu mstaafu wa Makongolosi. Amemwomba atume picha, kadi ya gari na kopo moja la udongo wa barabarani.