Jiwe la Ratili Kumi

Kwetu, mtu aliyejitwika mzigo kichwani hasemeshwi kwanza. Anatuliwa. Hata awe adui yako, akifika barazani pako unainuka, unashika mzigo upande mmoja, yeye anashika upande wa pili, mnautua pamoja, ndipo mnaamkiana. Asiyefanya hivyo huambiwa hana malezi, na hapo hana la kujitetea.

Nayasema haya mapema ili ijulikane kwa nini nilimchukia mtu mmoja wa Kilwa Kivinje kwa miaka kumi na minne bila kupumzika. Mimi ni mtu wa kinyongo. Sikatai.

Alikuwa mnunuzi wa ufuta. Wakati huo wa Mwingereza, sisi wa vilimani, nyuma ya Nangurukuru, tuliondoka nyumbani alfajiri na vikapu vyetu kwenda kumwuzia. Mwaka ninaousema nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi, namfuata mama nyuma na kibuyu cha maji. Mama alikuwa amepima nyumbani pishi sita, akazishindilia vizuri. Frasila kamili, yaani ratili thelathini na tano. Mizani hakuwa nayo, lakini shingo yake ilikuwa imebeba frasila tangu usichana na haikuwahi kumdanganya.

Tulipofika, yule bwana alikuwa ameketi barazani anakunywa kahawa. Hakuinuka. Akamwacha mama juani na mzigo kichwani, akaanza maswali. Huu ni ufuta wa mwaka gani? Umekauka? Hauna mchanga? Mama akajibu yote kwa adabu huku shingo inatetemeka. Mimi nilikuwa mfupi, mikono yangu haikufika. Mwishowe ni mwanamke mwingine mwenye mzigo wake aliyekuja kumtua.

Kikapu kikatundikwa kwenye mizani. Upande wa pili yakawekwa mawe ya chuma.

"Thelathini na mbili," akasema.

"Bwana, hiyo ni frasila. Shingo yangu inaijua."

"Shingo!" Akawageukia watu. "Basi, mama, kauze kwa hiyo shingo. Hapa tunapima kwa mawe ya Serikali. Au huyu mwanao alikuwa akitafuna njiani?"

Watu wakacheka, maana anayetaka kuuza hucheka mnunuzi akicheka. Mama akageuka akanitazama mdomoni. Ilikuwa mara moja tu, kisha akaangalia pembeni kwa haya. Ratili tatu ningeweza kumsamehe yule mtu. Lile jicho la mama mdomoni mwangu sikumsamehe, na mpaka leo nina mvi hata kwenye nyusi, sijamsamehe.

Nikasoma, nikawa mwalimu. Wenzangu waliomba kupangiwa Lindi mjini, mimi nikaomba Kivinje. Wakubwa wa elimu wakadhani naupenda mji ule.

Nilipewa darasa la nne. Katika hesabu palikuwa na somo la kukadiria uzito, na walimu wengi walilipita mbio: ubao, chaki, ratili kadhaa ni frasila, basi. Mimi nililing'ang'ania. Tulishona vifuko vya mchanga, cha ratili moja, cha mbili, cha tano. Shule ilikuwa na mizani yake ndogo na mawe yake, likiwamo jiwe la ratili kumi lenye muhuri wa Serikali. Kanuni yangu ilikuwa moja: mkono kwanza, mizani baadaye. Mtoto anafumba macho, anashika kitu, anataja uzito, ndipo tunapima. Aliyekosea anashika tena.

Wale watoto walinifurahisha, siwezi kusema uongo. Nikiuliza nazi ina uzito gani, naulizwa nazi mbichi au kavu. Nikiuliza pweza, mtoto wa mvuvi anataka kujua kama ni kabla hajapigwa au akishapigwa. Siku moja niliwapa gunia la sufi na tofali, karibu darasa zima likaapa kwamba gunia ndilo zito, kwa sababu ni kubwa. Tulicheka mpaka mwalimu mkuu akaja kuchungulia.

Aliyewapita wote alikuwa msichana mwembamba wa dawati la mbele. Hakukosea hata nusu ratili. Alikuwa binti wa yule mnunuzi. Nililijua hilo tangu siku ya kwanza ya kuita majina, nikanyamaza.

Asubuhi moja nilimpa jiwe la shule la ratili kumi. Akalipima mkononi, akakunja uso.

"Hili jepesi, Mwalimu."

"Si jepesi. Lina muhuri."

"Lakini la kumi la baba ni zito kuliko hili. Mimi hulibeba kila siku kulipanga."

Kumbe ndiyo hivyo. Jiwe lililoandikwa kumi linabeba kumi na moja, kwa hiyo ufuta wa ratili kumi na moja unahesabiwa kumi. Matatu ya namna hiyo yalitosha kula ratili tatu za mama. Nikamwambia yule mtoto, "Vizuri sana, kaa chini," na sauti yangu ilikuwa laini kupita kiasi.

Ningeweza kwenda siku ileile kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, nikamweleza ofisini kwake kwa utulivu. Tarishi angetumwa, mawe yangechukuliwa, na hakuna mtoto ambaye angetajwa. Niliwaza hivyo, nisije nikajifanya sikuwaza. Lakini ofisini kusingekuwa na watu wa kucheka. Mama yangu alichekwa barazani, na mimi nilitaka baraza.

Nikangoja shamba la shule livunwe. Tulipata ufuta wa frasila mbili, tukaupima darasani mara tatu, ratili sabini. Siku wakulima walipojaa pale kwa mnunuzi, niliwapanga watoto mistari miwili, tukaenda na vikapu, na mimi nimebeba jiwe la shule mfukoni mwa koti, linanigonga pajani kila hatua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibuni, karibuni." Hakunikumbuka. Mtenda husahau.

Akapima. "Sitini na nne."

"Sisi tulipata sabini, mzee. Labda mizani yetu ya shule imechoka."

"Vitu vya shule hivyo," akasema kwa huruma, na watu wakacheka tena kama walivyocheka zamani.

"Basi nikuombe jambo. Watoto hawa wanajifunza kukadiria. Niruhusu mmoja ashike jiwe lako mkono huu na letu mkono huu."

Akasita kidogo. Nikaongeza, "Hata binti yako mwenyewe. Ndiye hodari wao."

Hapo akavimba kichwa. Nadhani aliamini kwamba mkono wa mtoto hauwezi kujua kitu. "Njoo, mwanangu, waonyeshe."

Msichana akaja katikati ya watu. Akafumba macho bila kuambiwa, kama tulivyozoea. Nikamwekea la shule kushoto, la baba yake kulia. Akayapandisha na kuyashusha taratibu.

"Haya mawili hayalingani," akasema, amefurahi kwamba anajua. "La baba limezidi ratili moja."

Nikayachukua, nikaweka moja kila upande wa mizani. La baba likashuka mpaka chini. Nikaligeuza watu waone: kitako kilikuwa kimetobolewa kikajazwa madini ya risasi, mazito kuliko chuma, kisha rangi ikapakwa juu yake.

Watu husema siku za mwizi ni arobaini. Zake zilizidi, ikabidi nimsaidie kuhesabu. Wanawake ndio walioanza, kila mmoja anataja vikapu vyake kwa miaka yake. Wengine walimzomea. Tarishi alikuja kabla ya adhuhuri kuyachukua mawe. Nilimsogelea yule mnunuzi nikamwambia polepole, "Mama yangu alikuambia shingo yake inaijua frasila." Alinitazama, na safari hii alinikumbuka. Nitasema kweli: ulikuwa utamu ambao sijaupata tena, hata siku ya harusi yangu.

Katika kelele zile nilihisi koti langu linavutwa. Alikuwa yule msichana. Amefumbua macho sasa, anamtazama baba yake.

"Mwalimu, nimekosea?"

"Hujakosea," nikasema, nikamgeukia mtu aliyekuwa akinipa mkono.

Jumatatu dawati la mbele lilikuwa wazi, na Jumanne pia. Wiki iliyofuata nilisikia amepelekwa kwa shangazi yake, huko mbali upande wa Mikindani, na kwamba hatasoma tena.

Mwisho wa mwezi nilipanda kwetu kumpelekea mama habari. Nilimkuta anapeta ufuta. Nikamsimulia yote, sikuruka kitu, nikamwigizia na ile sauti ya "Vitu vya shule hivyo." Alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Akasema, "Alhamdulillahi. Basi shingo yangu haikusema uongo." Kisha, kwa sauti ya chini, "Wala wewe hukutafuna." Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo miaka kumi na minne.

Akarudi kwenye ungo wake, akapeta kidogo, akaacha.

"Na yule mtoto uliyemtwika mzigo ule mbele ya watu," akaniuliza, "nani alimtua?"