Mama wa Mto

Nilisoma madarasa mawili tu, lakini hayo mawili yalitosha kuua ng'ombe wa baba yangu. Enzi za Mwingereza, ukame ulipokausha visima tulivyochimba kwenye mchanga wa mto karibu na Misigiri, wenzetu waliswaga mifugo kuteremka mbugani. Mimi nikabisha. Mwalimu alitufundisha kwamba mito mikubwa huanzia kwenye chemchemi, nikamwambia baba, "Tupande juu. Mto hukauka, mama yake hakauki."

Baba alinisikiliza kwa sababu nilijua kusoma. Tulipanda siku mbili. Mto ulizidi kuwa mwembamba mpaka nikauruka kwa hatua moja, kisha ukaishia chini ya mwamba, kwenye kibonde cha majani makavu. Nikachimba kwa jembe, halafu kwa kucha. Kina cha kiuno, udongo ukalowa, maji yakaanza kutoka tone kwa tone. Ndipo nikaelewa. Pale hukusanyika mvua tu, ile inayonywewa na udongo chini ya mwamba. Mto hunenepa baadaye, kwa vijito unavyokutana navyo huko chini tulikotoka.

"Ndiye huyu mama wa mto?" baba akauliza. "Mbona hana maziwa?"

Hadi jioni tulipata kibuyu kimoja. Ng'ombe walikuwa tisa, wamelala, hawalii tena. Baba akachagua mtamba mwenye mimba ndiye anywe. Mimi nikamshika kichwa, wale wanane wakinitazama.

"Nisamehe, baba."

"Shika vizuri," akasema. "Yasimwagike."