Ekari Zilizopungua

Mashine ya kukokotoa hesabu ililetwa shuleni kwetu nyuma ya Land Rover, juu ya magunia ya mbegu, na mwalimu mkuu aliipokea kwa heshima ambayo sisi walimu hatukuwahi kuipata. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni mwaka uleule, nimepangiwa kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Sepuka, na bado niliamini kila kilichoandikwa ubaoni, hasa nilichokiandika mwenyewe.

Ilikuwa nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia, ina safu za namba na mkono wa kuzungusha pembeni. Ofisi fulani ya mjini ilikuwa imeichoka. Afisa aliyeileta alitutangazia kwamba watoto wa taifa huru lazima wajue mashine, akanywa togwa bakuli mbili, akaondoka. Kitabu cha maelezo kilikuwa cha Kijerumani.

“Mwalimu,” mwalimu mkuu akaniambia, “wewe ndiye uliyetoka chuo juzi. Fundisha.”

Darasa la sita lilikuwa na watoto hamsini. Wiki ya kwanza nilijifunza pamoja nao, ila hilo sikuwaambia. Ukizungusha mbele, inajumlisha. Ukizungusha nyuma, inatoa. Kugawanya ni kutoa na kutoa tena mpaka kengele ilie, ndipo ujue umepitiliza. Siri ya kengele aliigundua binti mmoja mrefu, mpole wa sura, aliyekuwa na tabia mbaya ya kuuliza mambo ambayo chuoni walisahau kutufundisha.

Huyo ndiye aliyeuliza siku moja, “Mwalimu, tunaweza kulipima shamba la bega kwa bega, lile tunalolima kijiji kizima?”

Nikasema kwa nini tusiweze. Ekari ni hatua sabini kwa sabini, kila mtoto wa mkulima anajua. Tukatoka wote, tukalizunguka lile shamba la kijiji katikati ya mabua ya mtama, tukihesabu kwa sauti. Urefu hatua mia tano na sitini, upana mia nne na tisini. Tukarudi, tukazungusha. Hamsini na sita. Tukazungusha tena. Hamsini na sita. Kwenye kibao cha ofisi ya kijiji ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu: ekari mia mbili.

Niliwaambia watoto wanyamaze. Ningekuwa na akili ningeificha na mashine.

Juma lile lile mwenyekiti wa kijiji alikuja na mgeni kutoka wilayani kuonyesha sayansi yetu. Watoto wakasimama, “Shikamooni!” Wakajibiwa. Mwenyekiti akasema, “Haya, pigeni hesabu yoyote.”

Binti akasogea mezani. “Tutapiga ya shamba la kijiji, ndugu mwenyekiti.”

Mwenyekiti akatabasamu. Alilipenda sana lile shamba, hasa akiwa mbali nalo. Binti akazungusha, kengele ikalia.

“Hamsini na sita.”

“Hamsini na sita nini?”

“Ekari.”

“Mashine hii imeharibika,” mwenyekiti akasema.

Binti akachukua chaki. Mia tano na sitini kugawanya kwa sabini, nane. Mia nne na tisini kwa sabini, saba. Akaligeukia darasa: “Nane mara saba?”

“Hamsini na sita!” wakapaza sauti wote hamsini, kwa furaha ya watu wasiojua siasa.

Mgeni alikohoa kwenye leso kwa muda mrefu kuliko kikohozi chochote.

“Nyingine bado hatujazilima,” mwenyekiti akasema.

Binti akauzungusha mkono nyuma, taratibu. “Bado mia moja arobaini na nne.”

Mashine ilipelekwa kwenye matengenezo, na sijaiona tena mpaka leo. Mimi nilihamishiwa upande wa Nduguti, kwa manufaa ya elimu. Nilikwenda kichwa juu, nikijiona shujaa.

Msimu uliofuata binti aliniandikia barua. Wilaya ilikuwa imeamuru ekari zilizopungua zilimwe, na kijiji kizima, wazazi wake wakiwemo, kilikuwa kinang’oa visiki tangu alfajiri na kunitaja kwa majina ambayo asingeweza kuyaandika. “Shikamoo mwalimu. Tumefika themanini na moja,” aliandika. “Mgongo unaniuma. Hujambo?”

Nilicheka, kisha nikaona haya.