Kengele Nyuma ya Trela

Nakumbuka siku moja kuliko hata harusi yangu, mwanangu. Mimi niliyeacha darasa la tano bila viatu nilikuwa nimenunua lori kwa jasho langu, sasa nalifunga trela. Kitale nzima ilinijua.

Trela ile ilikuwa pana kuliko lori. Mzee Athumani, fundi wa kuchomelea pale mtaani Tuwan, aliizunguka mara mbili, akasema niongeze vioo vya mikono mirefu, la sivyo sitaona nyuma. Nikamcheka. Ati mimi naendesha kwa masikio.

"Haya, baba," akasema. "Basi usikie."

Asubuhi nikabeba mahindi kwenda Bungoma. Ukungu ulikuwa umelala barabarani. Kabla ya Kamukuywa lori lilipanda mlima polepole, si unajua lori lililoshiba, kisha nikateremka kwa kasi. Hapo nikasikia kengele ya baiskeli. Nikatazama kioo: ubavu wa lori na ukungu. Nikasema moyoni, mwenye baiskeli nimempita. Lakini kengele haikubaki nyuma. Kando ya barabara watu walisimama, wanawake mikono kichwani. Mzee mmoja akavua kofia. Mimi, bana, nikadhani wanastaajabia trela yangu. Nikawapungia.

Bungoma nikazima injini. Kengele ikalia mara moja, ikanyamaza. Nyuma ya trela baiskeli ilining'inia kwenye ndoano ya turubai, gurudumu lingali likizunguka, kandambili moja imenasa kwenye pedali. Watu wa boda, wale wabebao abiria kwa baiskeli, hushika trela mlimani wavutwe. Mwenyewe hakuwepo.

Nilirudi kwenye mlima ule, nikaupanda kwa miguu nikipekua mashamba ya mahindi ya watu. Nikauliza hospitali, polisi, watu wa boda njia nzima mpaka Kiminini. Hakuna maiti, hakuna majeruhi, hakuna aliyeijua baiskeli ile. Mama mmoja tu, wa wale waliosimama kando ya barabara, ndiye aliyekuwa na la kuniambia.

"Mkono mmoja ameshika trela, mwingine anapiga kengele. Alikuwa anakuita wewe. Kuanguka, hatukumwona akianguka."

Mzee Athumani hakunisuta. Alinichomelea vioo vile virefu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu ni zima, la mwenzangu sijui. Baiskeli iko stoo kwangu, naipaka mafuta. Na kila nikitazama vioo vile, namtafuta.

Mwanangu, ukikua utavuta vitu vipana kuliko wewe: kazi, jina, watu. Ongeza vioo kabla ya kuongeza kasi. Ukiitwa kutoka nyuma, simama. Mungu akulinde mlimani na mteremkoni, akuonyeshe kila aliyekushika kabla mkono wake haujachoka.